Chakula cha Jioni cha Dola Sabini

Sisi tunaishi Kongowe ya Kibaha. Kuku wanataga, watoto wako shuleni, na malori ya Barabara ya Morogoro yanapita usiku kucha kama kawaida yake. Mwezi huu tunapenda kuongea nanyi juu ya jambo ambalo tumelificha kwa muda mrefu kwa sababu lilitutia aibu. Ni habari ya mlo mmoja tulioula Unguja, mlo wa gharama kuliko yote tuliyowahi kula maishani mwetu, na jinsi tulivyoinuka mezani tukiwa na njaa na tukiwa tumenuniana.

Huenda mtatucheka. Chekeni tu. Lakini msome mpaka mwisho, kwa maana habari yenyewe si ya samaki peke yake.

Mambo yalianzia kwenye mayai

Mwezi wa Januari 2024 tulitimiza miaka 20 ya ndoa. Katika miaka yote hiyo hatukuwa tumesafiri sisi wawili tu, bila mtoto mgongoni, bila mgonjwa wa kumpeleka hospitali, bila msiba wa kuhudhuria. Mama ndiye aliyelianzisha wazo. Alinunua kibubu cha mbao, akakiweka nyuma ya kabati, na kila trei ya mayai iliyouzwa alitumbukiza shilingi 2,000. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Ziko siku kuku waliugua, na ziko siku ada ya shule ilikitazama kile kibubu kwa macho ya tamaa, lakini hakukivunja.

Kwa nini Unguja? Kwa sababu kutoka Kongowe si mbali, na tangu tukiwa wachumba tulikuwa tukisema, "Iko siku tutavuka." Na kwa nini chakula cha jioni hotelini? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Baba anafanya kazi mjini Dar es Salaam. Anatoka nyumbani kabla ya jua, na akirudi ni saa tatu au saa nne za usiku. Watoto wamelala, Mama anasinzia, na chakula kiko mezani kimefunikwa kwa sahani nyingine. Anakula peke yake, anaosha mikono, analala. Tulikuwa tumeishi hivyo kwa miaka mingi. Katika siku za kazi hatukuwa tunakula pamoja hata mara moja, na tulipokuwa pamoja siku za Jumapili, maneno yetu yalikuwa ya ada, ya chakula cha kuku na ya paa linalovuja.

Kwa hiyo Mama aliwaza hivi moyoni: tukikaa meza moja, mahali pazuri, tukatazamana usoni, maneno ya zamani yatarudi. Aliuwekea mlo ule matumaini makubwa kuliko uwezo wa samaki yeyote.

Mezani

Tulisafiri siku ya Ijumaa, tarehe 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Tulitoka Kongowe saa kumi na moja alfajiri kwa daladala, tukapanda mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, tukaingia boti. Kwa muda wa saa mbili hivi bahari ilituchezesha, maana ni majira ya kaskazi, na Baba alishikilia kiti kama mtu aliyeshikilia usukani. Mwaka ule Mapinduzi yalikuwa yanatimiza miaka 60, kwa hiyo mji ulikuwa umefurika wageni. Tulipata chumba cha bei nafuu kwenye nyumba ya wageni, na Jumamosi tukatembea Mji Mkongwe kutwa nzima, tukitazama milango ya nakshi na kupotea vichochoroni kama watoto.

Jioni ile tulivaa vizuri. Mama alivaa gauni la kitenge aliloshonewa kwa safari hiyo. Baba alivaa shati jeupe. Tulipanda ngazi nyingi hadi juu ya paa la hoteli moja, mahali tulipoona taa nzuri tangu mchana. Jina lake hatulitaji, maana nia yetu si kumharibia mtu biashara. Mshumaa ulikuwa unawaka mezani, upepo wa bahari ulikuwa unavuma, na jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mwanzo ulikuwa mzuri.

Kijana akatuletea orodha ya vyakula. Ilikuwa ya Kiingereza, na bei zilikuwa zimeandikwa kwa tarakimu tupu: supu 6, samaki 22, kamba 22, juisi 4. Mama akahesabu kichwani kwamba ni maelfu ya shilingi. Akaona jumla itakuwa 64,000. Ni fedha nyingi, lakini alikuwa amejiandaa kwa 70,000. Baba naye alidhani Mama amekwisha kuuliza. Hakuna aliyeuliza. Tuliona aibu kuuliza bei mbele ya wageni waliokaa meza za jirani.

Tukaagiza saa moja na nusu. Supu ilikuja baada ya nusu saa, vuguvugu. Samaki na kamba walikuja saa tatu kasoro robo. Tukainamisha vichwa tukaomba, tukaanza. Kamba walikuwa wanne, wamelala juu ya wali wa nazi ambao ungeweza kuujaza mkono mmoja. Samaki wa Baba alikuwa amekauka kwa nje, na katikati, karibu na mfupa, alikuwa bado baridi. Mtu yeyote aliyewahi kupika samaki wa kwenye friji anajua maana yake: hakuyeyuka barafu sawasawa kabla ya kutiwa motoni. Tulikuwa kisiwani, bahari tunaisikia, na tunakula samaki wa barafu!

Sasa sikilizeni tulichokifanya. Mama akauliza, "Vipi, samaki mtamu?" Baba akajibu, "Mtamu sana. Na kamba wako?" Mama akasema, "Wazuri mno."

Tulidanganyana, wapendwa. Mbele ya mshumaa, baada ya sala, tulidanganyana. Na baada ya uongo ule hatukuwa na neno jingine la kusema. Tulitafuna kimya. Kijana alipopita akauliza kama kila kitu ni kizuri, sote wawili tukatikisa vichwa kwa pamoja kukubali.

Ikaja karatasi ya hesabu. Ilikuwa dola. Vyakula na vinywaji, dola 64. Juu yake ada ya huduma asilimia 10. Jumla dola 70 na senti 40. Tukaomba waigeuze kwa shilingi. Wakahesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ikawa shilingi 176,000. Baba akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kwenda Jozani siku ya Jumapili kuwaona kima punju. Mama akaongezea kutoka kwenye pochi. Tukalipa, tukashukuru, tukashuka zile ngazi bila kusemezana.

Kichochoroni

Tulipofika chini, Baba akasema neno moja tu: "Mama, hiyo ni mifuko miwili ya chakula cha kuku."

Labda alisema kwa masikitiko tu. Lakini Mama alisikia lawama. Yeye alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake mwenyewe akishuka ngazi: 176,000 kwa 2,000 ni trei 88. Trei themanini na nane alizozibeba kichwani, moja moja, hadi barabarani! Akajibu kwa ukali, na maneno yaliyotoka hayakuwa ya samaki. Alisema, "Tatizo si fedha. Tatizo ni kwamba hata hapa umenyamaza kama unavyonyamaza nyumbani. Nimekuleta ng'ambo ya bahari ili nisikie sauti yako."

Kina mama, mnajua jinsi ugomvi wa namna hii unavyoanza. Unaanza na chumvi, unaishia kwenye mahari. Tulisimama katika kichochoro kile kama watu wasiofahamiana. Watu walikuwa wanapita wakitupisha. Mama alikuwa analia, na Baba alikuwa anatazama ukuta.

Hatimaye tukatembea, kwa kuwa hatukuweza kulala pale, na miguu ikatupeleka Forodhani. Wale waliofika wanajua bustani ile ya ufukweni usiku inavyokuwa: taa, moshi, meza za vyakula zimepangwa, wauzaji wanaita. Tulikuwa na njaa kweli kweli. Mzee mmoja akatuita, "Karibu mama yangu, karibu baba, urojo wa moto." Safari hii tuliuliza bei kwanza. Bakuli moja shilingi 3,000. Tukachukua mawili, tukanunua na juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, glasi mbili kwa 4,000, tukaketi juu ya ukuta tukiitazama bahari.

Kwa wasioujua, urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wenye ukali wa embe mbichi na ndimu, na ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori, vipande vya mishkaki, chipsi za muhogo na chatini juu. Ni chakula kinachokulazimisha kupenga kamasi. Huwezi kukila huku umenuna.

Hapo Baba akaanza kusema. Alisema alijua samaki ni mbovu tangu kijiko cha kwanza, lakini alikumbuka kile kibubu nyuma ya kabati, akaona akitamka neno "mbovu" atakuwa ameyatukana mayai ya mwaka mzima. Mama akasema naye alijua kamba hawana ladha, lakini aliogopa kukiri kwamba alikosea kuchagua mahali. Basi kumbe kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na kila mmoja akakiona kimya cha mwenzake kuwa ni dharau.

Halafu Baba akasema jambo ambalo Mama hakulitazamia. Alisema, "Unadhani mimi napenda kunyamaza. Nikiingia nyumbani nikaikuta ile sahani iliyofunikwa, na wote mmelala, najiona kama mpangaji. Ninakula haraka ili nimalize aibu." Mama alikuwa amefunika sahani ile kwa miaka mingi akiamini ni alama ya upendo, ili nzi wasitue na joto lisitoke. Hakujua kwamba kwa mwenzake ilikuwa mlango uliofungwa. Naye akaeleza jinsi anavyosikia maji ya kunawa yakimwagika, akangoja aitwe, asiitwe, akageukia ukutani akalala.

Tulikaa pale hadi karibu saa sita. Hatusemi kwamba bakuli la urojo liliponya ndoa. Hapana. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuongea bila kutaja ada.

Nguzo zilizopinduliwa

Jumapili hatukwenda Jozani, fedha zilikuwa zimekwisha liwa. Tukaenda kusali Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Kianglikana. Mahali lilipojengwa palikuwa soko la watumwa, hadi Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Karibu na altare sakafu ina alama inayoonyesha mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko. Tulisimama pale tukaona haya. Watu waliofungwa minyororo na njaa walipita hapa, nasi usiku uliopita tulitokwa na machozi kwa sababu ya kamba wanne.

Lakini jambo lililotuingia zaidi ni lile la nguzo. Wanaowatembeza wageni husimulia kwamba wakati kanisa linajengwa, Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alisafiri kidogo. Aliporudi akakuta mafundi wamezisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini miguu juu. Nguzo hizo ziko nyuma ya kanisa hadi leo, na kila mtu anaziona. Baba alizitazama akacheka, akasema, "Na ghorofa halijaanguka." Tukaelewana. Kosa lilibaki palepale, hakuna aliyelificha, na watu wanaendelea kusali chini yake.

Mafunzo ya hotelini

Sasa tuseme machache kwa faida yenu, maana wapo watakaosafiri, Unguja, Mombasa, Mafia au kwingineko.

Kwanza, ulizeni bei kabla ya kuketi, na ulizeni ni fedha gani. Tarakimu tupu kwenye orodha haina uraia. Ulizeni pia kama kuna ada ya huduma juu yake. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ni kufungua pochi huku mikono inatetemeka.

Pili, ulizeni leo kuna samaki gani mbichi, si samaki gani yumo kwenye orodha. Bahari ikichafuka, mashua ndogo hazitoki, na jikoni hugeukia barafu. Siku kama hiyo kuku au mboga inaweza kuwa chaguo bora. Mwenye hoteli mwaminifu atakuambia.

Tatu, chakula kikiwa kibovu, semeni mapema na kwa upole. Tulipokuwa tunatoka, yule kijana alituona hatukumaliza, akatufuata kwenye ngazi akasema, "Mama, mniwie radhi, leo wageni wamezidi. Mngelisema tungelimrudisha samaki jikoni." Alikuwa sawa. Tulimnyima nafasi ya kutengeneza, halafu tukamlaumu kwa moyo. Ukisema kwa heshima baada ya tonge la kwanza, wanaweza kusahihisha. Ukinyamaza hadi sahani iwe tupu, unakuwa umekubali.

Nne, hata vyakula vya barabarani vichagueni. Pale Forodhani mishikaki ya samaki na pweza inaweza kuwa imekaa mezani tangu jioni. Chagueni kinachopikwa mbele ya macho yenu na kuliwa cha moto.

Wala msije mkaona kwamba tunakilaumu kisiwa. Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya boti, tulikula mkate wa kumimina na chai ya viungo kwenye kibanda karibu na Darajani, na mpaka leo Mama anajaribu kuupika nyumbani. Watu wa Unguja wanajua kupika. Sisi tuliitafuta heshima, na tukaikuta juu ya paa ikiwa ya barafu.

Na nyumbani je?

Mtatuuliza: mmebadilika? Kidogo. Baba bado anafanya kazi kulekule na foleni bado ni foleni. Ila sasa akifika Maili Moja anabipu, na Mama anainuka kupasha moto. Chakula hakifunikwi tena. Mama anakula kidogo na watoto mapema, kisha anabakiza sehemu yake ya kula na Baba, hata kama ni vipande viwili vya muhogo na chai. Ziko siku usingizi unamshinda na Baba anakula peke yake. Siku hizo anamwamsha, anasema, "Nimefika," naye anaitikia. Tumekubaliana pia kwamba mboga ikizidi chumvi, isemwe. Mwezi uliopita Baba alisema maharage hayakuiva. Mama alikasirika kama dakika tano hivi, halafu akayarudisha motoni, tukayangoja pamoja.

Kitabu cha Mithali, sura ya 15, mstari wa 17, kina neno juu ya sahani ya mboga. Tulilisoma harusini kwetu mwaka 2004, na tulidhani ni neno la kuwafariji maskini. Lisomeni tena nyumbani, mtaona linamhusu kila mtu mwenye meza.

Basi, mpendwa msomaji, usiku wa leo utakapokuwa unamwekea mwenzako chakula, jiulize: ile sahani unayoifunika, yeye anaionaje? Usikisie kama tulivyokisia sisi. Muulize. Ni bure, wala haina ada ya huduma.

Kibubu tumekirudisha nyuma ya kabati. Safari hii tunaweka akiba ya kwenda Jozani. Chakula tutakibeba kutoka nyumbani.

Hadi mwezi ujao, amani iwe mezani penu.